Chema Chajiuza? Habari za Kujitangaza Katika Kibaha na Kisarawe

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisomesha kwa miaka mingi, na haupiti muda mrefu bila mwanafunzi mmoja kuinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, ikiwa chema chajiuza, mbona kila wizara, kila benki na kila halmashauri ina ofisi ya uhusiano?" Zamani nilikuwa nikimjibu kwa mzaha, darasa likacheka, tukaendelea na somo. Siku hizi mzaha umenishinda, kwa sababu nitakayoieleza mbele, na makala haya ni jaribio la kumpa mwanafunzi yule jibu analostahili. Ushahidi nitautafuta katika wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Wilaya hizi zi karibu mno na Dar es Salaam hata zimekuwa kama baraza ya mji ule: atakaye kuwaonyesha wakubwa kitu bila kuwachosha kwa safari, hukionyesha huko.

Kwanza na tuipime methali yenyewe. Ni methali ya soko dogo. Mnunuzi amesimama mbele ya tenga la maembe. Atayanusa, atayabonyeza, na ikiwa jana aliuziwa mabovu, leo muuzaji atamwona akipita upande wa pili. Katika soko la namna hiyo chema hakika chajiuza, kwa kuwa jicho, pua na kumbukumbu ya mnunuzi ndivyo vinavyofanya kazi ya mtangazaji. Walakini hata hapo kale palikuwa na mambo yasiyoonekana kutoka kizingitini, na kwa mambo hayo watu walikuwa na mbiu. Pembe ikilia, kila mtu alijua kuna jambo. Mpiga mbiu hakutumwa kulipamba jambo, alitumwa kulifikisha. Tofauti hiyo, kati ya kufikisha na kupamba, naomba msomaji aiweke akilini, maana habari yote ifuatayo yaizunguka.

Mwaka 1963 Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili tangu kupata uhuru wake, nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, zilipokubaliana nayo kuanzisha Kibaha mradi wa pamoja, ambao ulikuwa wa kwanza wa namna yake kwa nchi hizo. Ulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha mafunzo ya wakulima. Tusiwe watoto katika jambo hili. Msaada wa taifa kwa taifa daima una upande wake wa kujionyesha, na katika miaka ile ya vita baridi kila nchi tajiri ilipenda kuonekana imeshika mkono wa nchi changa. Nchi nne ndogo zikiungana hupata jina ambalo kila moja peke yake isingelipata. Na mahali penyewe pako kando ya barabara iendayo Morogoro, kilomita kama 40 kutoka Dar es Salaam. Mgeni mheshimiwa aliweza kuondoka mjini asubuhi, akaona darasa, wodi na shamba, akarudi kabla chakula cha mchana hakijapoa.

Lakini maonyesho yale yalikuwa na tabia moja ambayo kila nikiifikiri huyaheshimu. Walioyaanzisha walikaa. Walimu, waganga na mabwana shamba hawakufungasha virago baada ya hotuba. Waliendelea na kazi hadi mwaka 1970, mradi ulipokabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuitwa Shirika la Elimu Kibaha. Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa Rais wa nne wa nchi hii, alikuwa mwanafunzi wa Kibaha Sekondari katika miaka ya 1960, na hata leo mzazi ambaye mwanawe amechaguliwa kwenda shule ile hana haja ya kuwaeleza majirani sababu ya furaha yake. Kituo cha afya ndicho kilichokua hata kikawa hospitali ya Tumbi, ambayo kila dereva wa barabara ya Morogoro anaijua kwa nje na haombi kuijua kwa ndani. Hapo methali yetu yasimama wima. Vitu vyema vilijengwa, vikatunzwa, na sifa ikajitembelea yenyewe.

Sasa tazama jambo lililotukia Kibaha hiyo hiyo. Mwaka 2015 kilizinduliwa kiwanda cha kutengeneza viuadudu vya kibiolojia kwa utaalamu wa Kuba. Dawa yake humiminwa katika madimbwi. Viluwiluwi wa mbu huila pamoja na chakula chao, hufa kabla hawajaota mbawa. Katika nchi inayozika watu kwa malaria kila mwaka, ni vigumu kukitaja kitu chema kuliko hicho. Uzinduzi ulifanywa na Rais mwenyewe, sherehe ikapigwa picha kama ilivyo desturi. Baadaye, Juni 2017, Rais John Magufuli alifika kiwandani akakuta dawa ipo na wanunuzi ni haba, akaagiza kila halmashauri nchini ikanunue. Msomaji atafakari kidogo. Chema kilikuwapo, utepe ulikwisha kukatwa, lakini chema hakikujiuza hata kwa wilaya za jirani ambazo mbu wake hawahitaji kutangazwa. Ilihitajiwa sauti ya mkubwa wa nchi, tena yenye amri ndani yake.

Taabu hii Wamarekani waliitambua mapema, wakaifanya kazi ya mshahara. Mtu anayetajwa sana ni Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, na kitendo chake kinachosimuliwa kuliko vyote kilifanyika New York, Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1929. Katika siku zile mwanamke kuvuta sigara barabarani lilikuwa jambo la aibu, na kampuni ya American Tobacco, iliyotengeneza Lucky Strike, iliona kwamba aibu ile yaipotezea nusu ya wateja. Basi katika maandamano ya Pasaka ya Fifth Avenue wanawake kadhaa waliovaa vizuri walitoa sigara, wakaziwasha mbele ya wapiga picha, na ulimwengu ukaambiwa kwamba zile ni mienge ya uhuru wa wanawake. Magazeti yaliandika habari hiyo kama jambo lililozuka lenyewe. Jina la aliyepanga na jina la aliyelipa halikuwamo.

Mtanzania akikutana na maneno "mienge ya uhuru" katika habari ya sigara hana budi kushtuka. Majina yamefanana kwa bahati tu, lakini bahati hiyo yafaa kutumiwa, kwa kuwa yatuwezesha kuiweka mienge miwili kando kwa kando. Wazo la mwenge unaokimbizwa kwa miguu lenyewe lina nasaba isiyo safi: mbio za kwanza za mwenge wa Olimpiki, kutoka Olympia hadi Berlin, zilikimbizwa mwaka 1936 na watu zaidi ya 3,000 kwa faida ya serikali ya Hitler. Mwenge wetu ulianza kwa maneno kabla ya moto. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Julius Nyerere, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu, jirani na Kisarawe, alisema watu wa Tanganyika wangependa kuwasha taa juu ya Kilimanjaro iangaze nje ya mipaka yao, ilete matumaini palipo na kukata tamaa. Usiku wa kuingia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera hadi kileleni. Lilikuwa tendo la kuvuta macho, nani atakana? Kuna hoja gani ya kijeshi au ya kiserikali ya kuwasha moto mahali ambapo hapana mtu wa kuuota? Lakini aliyepanga alijulikana, aliyegharimia alijulikana, na maana ilitangazwa miaka miwili kabla. Hapo ndipo mwenge wa Kibo unapoachana na sigara ya New York.

Mbio za Mwenge zimekimbizwa tangu mwaka 1964. Mwaka 2025 zilizinduliwa Kibaha, katika viwanja vya Shirika la Elimu, tarehe 2 Aprili, mbele ya Makamu wa Rais Philip Mpango. Yaani moto ulianza safari yake katika ardhi ile ile ambayo Wanordiki walijenga madarasa yao. Wanaoubeza Mwenge husema ni gharama bila kazi, na wapinzani wamewahi kutaka uwekwe makumbusho. Mimi simo kabisa katika kundi hilo, wala simo katika kundi linaloimba. Nimeona jambo moja katika mbio hizi ambalo wapambaji hawalipendi. Mwenge ukifika katika halmashauri, hupelekwa kwenye miradi: huu uwekewe jiwe la msingi, ule uzinduliwe, na ule mwingine ukaguliwe. Vijana wanaoongoza mbio hudai nyaraka. Mara kadhaa wamekataa kuzindua mradi, mbele ya mahema na ngoma, kwa kuwa karatasi haziafikiani na ukuta. Siku hiyo sherehe hugeuka baraza la hesabu, na mkurugenzi aliyekuja kupigwa picha hupigwa maswali.

Hata hivyo pana mambo ambayo moto hauyafikii. Ujumbe wa mwaka 2025 uliwahimiza wananchi kushiriki uchaguzi mkuu kwa amani na utulivu, ukasomwa wilaya kwa wilaya kwa muda wa miezi sita. Mwenge ulizimwa Mbeya tarehe 14 Oktoba. Siku 15 baadaye, tarehe 29 Oktoba, siku ya kura iligeuka siku ya machafuko na vifo. Intaneti ilikatwa, na wakazi wa Dar es Salaam wakaamriwa wasitoke nje usiku. Sitaki kupita hapo kwa maneno mengi. Nataka tu kusema kwamba waliouandika ujumbe ule na waliousikia hawakuwa wakisoma kitabu kimoja.

Sasa tupande vilima vya Pugu tuingie Kisarawe. Si wilaya isiyo na jina. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishiwa Minaki kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925, na kwa miaka mingi kutajwa kwa Minaki kulikuwa kutajwa kwa elimu yenyewe. Lakini ukaribu na mji mkubwa ni baraka yenye mwiba. Kisarawe ilitoa mkaa, mihogo na vijana. Vyote vikateremka mjini, na wachache walipanda kuuliza wilaya yenyewe inaendeleaje.

Mwezi Julai 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya hiyo Jokate Mwegelo, ambaye mwaka 2006 alikuwa mshindi wa pili katika shindano la Miss Tanzania, nyuma ya Wema Sepetu, kisha akawa mwigizaji na mfanyabiashara. Palikuwa na walioguna. Ili kuelewa mguno ule yafaa kukumbuka kwamba shindano lile lilifanyika mwaka 1967, Theresa Shayo akashinda, kisha likapigwa marufuku kwa kuwa lilionekana halipatani na siasa ya ujamaa. Halikurudi hadi mwaka 1994. Basi jukwaa ambalo serikali ililiona kuwa upuuzi wa kigeni ndilo lililomtoa mtu ambaye serikali hiyo hiyo, miaka 50 baadaye, ilimkabidhi wilaya. Wazee wa shule yangu waliona ni mwisho wa dunia. Mimi niliona ni udadisi mwema wa historia, nikangoja.

Alichokileta Kisarawe kilikuwa ndicho alichokijua, yaani namna ya kusimama mahali ambapo watu wanatazama. Mwaka 2019 ilianzishwa kampeni iliyoitwa Tokomeza Zero. Shabaha yake ilikuwa daraja sifuri katika mtihani wa kidato cha nne, na njia yake ilikuwa harambee: wasanii, makampuni, viongozi na watu wenye majina waliitwa, wakapigwa picha, wakatoa fedha na vifaa, hasa kwa ajili ya shule ya bweni ya wasichana, maana binti anayetembea mwendo mrefu kwenda shule hukutana na mengi kabla hajakutana na hesabu. Mwaka 2021 Jokate alihamishiwa Temeke. Shule ilijengwa, nayo ina jina lake. Desturi hiyo ya kuipa shule jina la kiongozi aliye hai na aliye kazini siipendi, na ningeisema mbele yake kwa heshima zote. Jina la mtu lingengoja, bweni ndilo lisilongoja.

Lakini nikiwa mwalimu nakiri kwamba katika neno "zero" palikuwa na ushujaa ambao watangazaji wengi huukimbia. Tangazo la kawaida huchagua maneno yasiyopimika: maendeleo, uzalendo, fahari, kasi. Sifuri ni tarakimu. Baraza la Mitihani hutoa matokeo kila mwaka, wala halisomi mabango. Mtu yeyote mwenye simu aweza kuhesabu ni watoto wangapi wa Kisarawe waliopata daraja hilo mwaka huu na mwaka uliopita. Aliyeichagua sifuri kuwa kauli yake alijifunga kamba ambayo ncha yake ya pili imeshikwa na watu wengine. Ndivyo ilivyokuwa kwa mradi wa Kibaha wa 1963, ambao wagonjwa na wanafunzi walikuwa wakiupima kila siku. Ndivyo isivyokuwa kwa sigara za Pasaka.

Basi jibu la mwanafunzi wangu ni hili. Chema chajiuza kwa mtu anayekiona. Asiyekiona hana budi aambiwe, na ndiyo maana pana ofisi za uhusiano. Kuzilaumu kwa kuwapo ni kumlaumu mpiga mbiu kwa kuwa na pembe. La kuuliza ni kama anayetangaza ameacha mlango ambao msikilizaji aweza kuuingia akahakikishe. Jibu hili sikulipata katika vitabu vya Bernays. Nililipata kwa aibu, katika chumba kimoja cha ofisi.

Miaka kadhaa iliyopita halmashauri moja, ambayo sitaitaja, iliniomba niisaidie kusanifu lugha ya risala itakayosomwa mbele ya mgeni rasmi. Nilikwenda. Ofisi ya habari ilikuwa chumba cha mwisho cha ukumbi mrefu, chenye meza mbili, kompyuta moja, na mashine ya kuchapa ambayo haikufanya kazi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Makasha ya fulana yalifika darini. Afisa habari, binti wa miaka kama 28, aliniamkia shikamoo huku ameshika simu mbili: katika moja aliulizwa idadi ya viti vya meza kuu, katika nyingine kikundi cha ngoma kilidai nauli. Watu hudhani kazi ile ni kutabasamu na kushika kinasa sauti. Siku nzima niliyokaa naye aliandika majina ya waheshimiwa kwa kufuata vyeo, akayafuta, akayaandika upya, kwa kuwa kila saa alipigiwa simu na mheshimiwa aliyeona ametanguliwa.

Risala ilikuwa na sentensi isemayo kwamba zahanati ya kijiji fulani imekamilika. Binti yule alikuwa ameandika "inakamilika". Mkuu wake alikuwa amekata kwa kalamu nyekundu na kuandika "imekamilika".

"Mwalimu," akaniambia kwa sauti ndogo, "ile zahanati haina milango. Maji hayajafika."

Mkuu wake aliingia wakati huo huo. "Mwalimu wetu, karibu sana. Siku ya sherehe itakuwa imekamilika, wala usiwe na wasiwasi. Hebu tuamulie: Kiswahili fasaha ni kipi hapo?"

Walinitazama wote wawili. Nami, badala ya kutazama zahanati, nilitazama kiambishi. Nikaeleza kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo alijualo kwamba -na- huonyesha tendo linaloendelea na -me- huonyesha tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo wakati wa kusema. Kwamba kwa kuwa risala itasomwa siku ya sherehe, wakati wa kusema ni siku hiyo. Na kwa hiyo kisarufi maneno yote mawili ni sahihi. Mkuu akanishukuru, akaondoka na kalamu yake. Binti hakusema neno. Alirudi kwenye kompyuta akabadili herufi mbili.

Siku ya sherehe mgeni rasmi aliketi chini ya hema, hatua kama 50 kutoka kwenye jengo, ambalo ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa rangi usiku uliotangulia. Risala ilisomwa, nami nilisikia -me- yangu ikipigiwa makofi. Binti yule alikuwa akipiga picha. Niliona anajisogeza kushoto, kisha kulia, hata akapata mahali ambapo pembe ya jengo isiyo na rangi haionekani.

Mwisho wa mwaka ule alinipigia simu. Ofisi yake ilikuwa imepewa cheti cha kutambua kazi bora ya habari, na picha ya ule ukuta wa mbele ndiyo iliyoonyeshwa ukumbini wakati wa kukabidhiwa. Nilimpongeza, kwa kuwa sikujua la kusema jingine, kisha nikamwuliza kama milango imekwisha kutiwa. Alinyamaza kidogo. Akasema bado, lakini nakala ya kwanza ya risala, ile yenye "inakamilika", hakuitupa. Ameiweka katika jalada la mradi, nyuma ya barua zote, yenye tarehe na sahihi yake.